Mrejesho: Ile pete ya muda imefanya kazi yake

Wiki kadhaa zilizopita niliuliza kama ni sawa kumchumbia mpenzi wangu kwa pete ya muda, halafu ile yenyewe tuichague pamoja. Wengi mlinipa moyo, wachache mkaniita bahili. Haya, kakubali! Pete ilikuwa ya fedha, nyembamba, tena kubwa: alipoinua mkono kufuta machozi ikamchomoka, ikabingirika chini ya kochi. Tukaisaka wote kwa tochi ya simu huku tunacheka.

Kwenye kuchagua ndipo nilipopata somo. Mimi ningemnunulia almasi iliyonyanyuka juu. Yeye kazini anavaa glavu kutwa, akataka jiwe lililozama ndani ya dhahabu lisinase. Akaangukia yakuti samawi, ambayo kwa ugumu ni 9 kwenye kipimo cha Mohs (almasi ni 10). Dhahabu tulichukua ya karati 14, kwa kawaida ni ngumu kuliko ya 18. Kidole tulipima asubuhi na jioni, maana huwa kinavimba, na kweli vipimo vilipishana.

Ile ya fedha kagoma kuivua. Kaihamishia kidole gumba.