Kampuni za teknolojia, acheni kutulipa kwa hisa msizotaka tuzijue thamani yake

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nitajitahidi kuyaeleza mambo kwa utaratibu ili nipate ushauri wa maana.

Nimepewa ofa ya uhandisi wa programu katika kampuni moja ya malipo kwa simu hapa Dar es Salaam. Sitaitaja jina. Inakua kwa kasi, imepata mtaji mpya kutoka kwa wawekezaji wa nje na inaajiri watu wengi kwa mpigo. Kazi yenyewe naitaka: ni kuandika upya mfumo wa kusuluhisha miamala, na anayeiongoza timu hiyo aliniuliza swali ambalo asiyeijua kazi hawezi kuliuliza, yaani muamala ukikatika katikati kisha mtandao wa simu ukautuma tena, mfumo utatambuaje kwamba ni ule ule ili usimkate mteja mara mbili. Tulilijadili jambo hilo kwa muda mrefu, na nilipotoka pale nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni.

Kisha ukaja mkataba.

Mshahara uko chini ya ninaoupata sasa, na pengo hilo, wanasema, litafidiwa na haki ya kununua hisa 10,000. Hisa 10,000 kati ya ngapi? Kama kampuni ina hisa milioni 1, hiyo ni asilimia 1 ya kampuni. Kama ina hisa milioni 100, ni asilimia 0.01. Nilimwandikia ofisa rasilimali watu kumwuliza idadi ya hisa zote, bei nitakayonunulia, na kiasi ambacho wawekezaji watachukua kwanza kampuni ikiuzwa. Alinijibu kwamba hizo ni taarifa za siri, na kwamba wao wanatafuta watu wanaoiamini safari ya kampuni.

Jibu hilo limeniudhi kuliko mshahara wenyewe. Mwekezaji mwenye akili haweki fedha zake mahali kwa kuambiwa aamini. Hufunguliwa vitabu vya hesabu, na wanasheria wake husoma kila karatasi kabla hata senti moja haijatoka. Mimi ninayeombwa kuacha sehemu ya mshahara wangu kila mwezi nami ni mwekezaji, tena nisiye na kampuni nyingine ishirini za kunifariji hii ikianguka. Na kampuni huanguka. Sendy ya Kenya, kampuni ya usafirishaji wa mizigo, ilifikia mwisho mwaka 2023, na Copia, ya biashara ya mtandaoni huko huko Kenya, ikawekwa chini ya wasimamizi Mei 2024, zote zikiwa zimekwisha kukusanya mamilioni ya dola. Hata kampuni ikiuzwa badala ya kufa, wenye hisa za upendeleo, ambao kwa kawaida ni wawekezaji, hulipwa kwanza, na bei ikiwa ndogo mfanyakazi anaweza kutoka mikono mitupu.

Masharti yaliyobaki ni haya: sipati hisa hata moja kabla ya kutimiza mwaka, zilizosalia nazipata kidogo kidogo hadi mwaka wa 4, na nikiondoka nina siku 90 za kuzinunua kwa fedha yangu ama zinapotea. Ni hisa za kampuni mama iliyosajiliwa Delaware, Marekani, zisizouzwa katika soko lolote la hisa.

La pili ni kwamba mkataba unaniita mkandarasi huru, kwa hiyo hakuna michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), hakuna likizo yenye malipo wala bima ya afya. Lakini mkataba huo huo unanitaka nihudhurie kikao kila siku saa tatu asubuhi, nitumie kompyuta ya kampuni, nisifanye kazi kwa mtu mwingine yeyote, na kila mwezi nishike zamu ya dharura usiku, wiki nzima, bila malipo ya ziada. Huyo ni mkandarasi huru wa namna gani? Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa pale, na miongoni mwake ni saa zake za kazi kuwa chini ya uelekezi wa mwingine, kupewa vifaa vya kazi, na kumtegemea huyo mmoja kiuchumi. Mwajiriwa naye ana kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kampuni yenye wanasheria wa kuandika mkataba wa kurasa nyingi namna ile inayajua haya, na imeamua kuyaacha kwa sababu inatuona vijana tunaoogopa kuuliza.

Wamenipa hadi Ijumaa nisaini. Nimewajibu kwamba nataka mkataba wa ajira, na zile takwimu za hisa kwa maandishi; wakikataa takwimu, basi waniongezee mshahara na hisa zao wabaki nazo.

Sasa nawaomba mliopita njia hii: kuna aliyewahi kubadilishiwa mkataba wa ukandarasi kuwa wa ajira kabla ya kusaini, na alitumia hoja gani? Aliyelifikisha suala kama hili CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, aliambiwaje? Na je, yupo humu aliyenunua hisa zake kweli, kisha akaziuza akapata fedha mkononi?