Krauni ya jino: chuma na kauri, zirkonia au e.max? Nina meno mawili ya kuvalisha

mama_kisongo

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo hasa nyie mliowahi kuvalishwa krauni, ile kofia ya kufunika jino, au mnaofanya kazi za meno. Nina meno mawili. La kwanza ni gego la chini kushoto, lilitoboka mpaka likafika kwenye neva, wameshasafisha mzizi wakaziba na daktari anasema lisikae hivihivi, livalishwe kabla halijapasuka. La pili ni la mbele juu, hili lilivunjika nikiwa shule nikawekewa krauni ya chuma ndani na kauri kwa nje, saivi fizi imepanda na pale juu unaonekana mstari mweusi, kwenye picha za harusi ya mdogo wangu nimefunga mdomo zote.

Sasa daktari kanitajia vitu vitatu, chuma na kauri, zirkonia, na kingine e.max, akasema nikafikirie nirudi. Nitafikiria nini wakati tofauti siijui? Zirkonia ni karibu mara mbili ya bei ya ile ya chuma. Mengine labda yatawasaidia kunishauri: nimekulia huku Meru kwaiyo meno yangu yana ule ukahawia wa maji ya huku. Hereni za bei rahisi nikivaa masikio yanawasha mpaka yanatoa maji. Na mume wangu anasema usiku nasaga meno. Hela ya jino moja la gharama ninayo, la pili ndio nijipange.

Babuu_Tandika

Pole sana dada. Chukua zirkonia meno yote mawili, usihangaike. Mi ninayo gegoni miaka sasa, natafuna mifupa, mahindi ya kuchoma, hata sikumbuki ni jino lipi. Hayo mengine ni ya kurudia rudia.

fundi_kauri

Babuu kwa gego nakuunga mkono, kwa jino la mbele hapana, tusimpeleke haraka. Mimi ni fundi wa maabara ya meno, hizi krauni ndo nazitengeneza mezani kwangu kila siku, ila jino analiona daktari kwaiyo haya nenda nayo kwake kama maswali.

Dada cha kwanza usianze na jina la kitu, anza na jino lenyewe, liko wapi, linabeba mzigo gani, na limebaki kiasi gani. Gego la chini ndo kinu cha mdomo, na wewe unasaga usiku. Hapo zirkonia, ile kauri ngumu sana isiyo na chuma, ya kipande kimoja, yaani zirkonia tupu bila kauri ya kupakwa juu, ni chaguo zuri. Uimara wake kwenye kupinda unazidi megapaskali (kipimo cha nguvu) 1,000 kwa ile ya kawaida, e.max, ambayo ni kauri ya aina ya kioo, iko kama 400. Lakini jua zirkonia haziko sawa. Ipo inayopitisha mwanga zaidi ili ifanane na jino, hiyo wameiongezea itria, oksidi inayochanganywa humo, na nguvu inashuka, unaweza kukuta karibu 600. Sasa mtu anaambiwa zirkonia anadhani ni kitu kimoja, analipia ya gegoni anapewa ya mbele au kinyume chake. Muulize daktari ameagiza ipi, na hakikisha haina kauri juu mana ile kauri ya juu ndiyo inayobanduka vipande vipande kwa watu wanaosaga.

Chuma na kauri siyo kitu kibaya, imefanya kazi miaka mingi kabla hizi nyingine hazijaja na bado naitengeneza kila wiki. Shida kwako ni hayo masikio. Chuma cha bei nafuu kwenye krauni mara nyingi ni nikeli na kromu, na hereni zinazowasha mara nyingi ni nikeli hiyohiyo. Kuwashwa na hereni hakumaanishi lazima fizi nazo zitasumbua, ila mwambie daktari kabla ya kipimo, asije akaagiza nikeli bila kujua. Ipo ya kobalti na kromu isiyo na nikeli, na zipo aloi, yaani michanganyiko, za madini ya thamani.

Jino la mbele ndo lenye kazi. Watu wanapenda e.max pale mana mwanga unapita kama kwenye jino la asili, haikai kama chokaa. Lakini kwa kuwa mwanga unapita, kilicho chini nacho kinaonekana. Kama ndani ya hilo jino kuna nguzo ya chuma, au kisiki chenyewe, yaani jino lililobaki chini ya krauni, kimekuwa cheusi kwa kufa zamani, e.max nyembamba itatoka na kivuli cha kijivu na utakuwa umelipa hela nyingi kwa ugonjwa uleule. Hapo tunatumia kitu kinachoziba mwanga chini, halafu kauri inajengwa juu kwa mbele tu. Kwaiyo hilo swali haliwezi kujibiwa mpaka krauni ya zamani itolewe kisiki kionekane. Ukiamua leo kwa jina unacheza kamari.

Mvita_kwetu

Salaam dada yangu. Mbona dhahabu hamjaitaja? Nyanyangu huku Mombasa alikuwa nalo la dhahabu gegoni, amefariki nalo zima. Nilikuja kuelezwa na daktari kwamba aloi ya dhahabu haivunjiki, haili jino la upande wa pili, na jino lachongwa kidogo tu. Bei ndiyo kikwazo, na wengi hawataki ing'are. Ila gego la nyuma nani aliona?

Lakini kuna jambo moja nataka liwekwe wazi. Dhahabu ya krauni ni ile ya kuchukuliwa kipimo, ikamwagwa maabara ikaketi sawasawa ukingoni. Ile ya kuvishwa jino zima kwa ajili ya urembo, kiganda chepesi, chakula chaingia chini na jino laoza ndani hujui. Nimeona kwa jamaa zangu, inauma sana mtu kupoteza jino lililokuwa halina ila.

mama_kisongo

Asanteni jamani, Mungu awabariki. Fundi umenifungua macho kuhusu la mbele. Sasa mnijibu hili, nimesikia zirkonia ni ngumu mpaka inakula jino linalogusana nalo. Mimi nasaga, si itanimalizia meno ya juu?

dr_kinywa_afya

Habari dada, mimi ni daktari wa meno. Hilo swali ni zuri na watu wengi wanatishwa nalo bila maelezo. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri mpaka ikawa laini haisumbui sana jino la juu, kinachokula jino ni ukwaruzo. Inatokea hivi: krauni imegandishwa, ukaambiwa uma, ikaonekana iko juu kidogo, daktari akaisaga na dril pale pale kwenye kiti akakuruhusu uende. Pale aliposaga pamebaki kama msasa. Lazima baada ya kusaga ing'arishwe tena kwa raba maalumu za zirkonia, inachukua dakika chache. Ukipitisha ulimi ukasikia mparuzo sehemu moja, usitoke kwenye kiti, sema.

Kusaga meno usiku hakutibiwi na krauni. Utengenezewe gadi ya kulalia, ile plastiki ngumu inayovaliwa usiku, ichukuliwe kipimo BAADA ya krauni zote mbili kukaa, siyo kabla, mana ukibadilisha krauni gadi haikai tena.

Na kitu ambacho hakijasemwa hapa, kwangu ndo kikubwa kuliko zirkonia na e.max zote. Gego lako limebaki na ukuta kiasi gani juu ya fizi? Tunatafuta angalau milimita 2 za jino zima kuzunguka, ndizo krauni inazokumbatia. Kama ukuta haupo na kilichobaki ni ujazo mtupu, krauni ya bei yoyote itang'oka na ujazo wake au mzizi utapasuka. Muombe akuonyeshe kwenye eksirei na kwenye kioo. Pia muulize kama eksirei ya mzizi inaonyesha pametulia, sababu zirkonia ikishagandishwa kuitoboa tena ni kazi ngumu, inamaliza vichwa vya dril.

Krauni yenyewe haiozi ila jino chini ya ukingo linaoza kama kawaida, uzi wa meno kila siku pale pembeni.

mama_kisongo

Nimeelewa daktari. Kwaiyo hela niliyonayo naanza na gego, zirkonia ya kipande kimoja, nikishaona ukuta upo. La mbele krauni ya zamani itolewe kwanza tuone kisiki, nikae na krauni ya muda nikijichanga. Ila je rangi? Meno yangu haya ya Meru si watanitengenezea jeupe peke yake katikati?

fundi_kauri

Hapo ndo nakuomba usikilize vizuri. Kile kibao cha rangi cha daktari kina vipande 16, A1 mpaka D4, na hakuna kipande chenye mabaka ya kahawia. Akiniandikia A3 tu nitakutengenezea A3 safi na litaonekana la mgeni. Tunachofanya ni kupaka rangi juu ya kauri na kuichoma, mawingu meupe, mistari, ukahawia kidogo, mpaka lifanane na jirani yake. Lakini lazima nione. Kwaiyo rangi ichaguliwe mchana karibu na dirisha, mwanzoni kabisa kabla mdomo haujakaa wazi muda mrefu, mana jino likikauka linakuwa jeupe kuliko lilivyo. Wapige picha na kipande cha rangi kikiwa pembeni ya jino, usipake rangi ya mdomo siku hiyo. Kama maabara iko mjini hapohapo omba uende mwenyewe, mafundi wengi tunafurahi mtu akija.

Na kama una mpango siku moja ya kuyasafisha meno yawe meupe au kuyafunika, fanya hivyo KABLA ya hilo la mbele, usubiri rangi itulie wiki mbili hivi ndo tuchukue kipimo. Dawa ya kung'arisha haibadilishi krauni. Gego halina shida, hilo endelea nalo wiki ijayo.