Mchicha au sukuma wiki: ipi inamsaidia zaidi mjamzito aliyepungukiwa damu?

BabaMtarajiwa
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, Majengo. Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano, wetu wa kwanza. Juzi kliniki walimpima damu ikasoma 9.6, wakamwambia iko chini, wakampa vidonge vya kuongeza damu na kumsisitiza ale mboga za majani kwa wingi. Mboga gani hawakusema, na yeye hakuuliza.

Sasa nyumbani kuna mvutano. Mama mkwe yuko Marangu, kila akipiga simu ni mchicha na mnafu, anasema sukuma wiki ni majani ya kujazia sahani tu. Mke wangu naye tangu apate mimba mchicha haumpandi kabisa, anasema unanuka udongo. Sukuma anakula vizuri, hata kila siku. Jirani anatuambia sukuma ndiyo yenye nguvu kwa sababu jani lake ni zito na limekoza.

Naomba wenye uelewa mnisaidie. Ukizilinganisha hizi mbili, ipi ina faida zaidi kwa hali yake? Nimbembeleze ale mchicha au nimwache na sukuma yake? Chakula chetu ni ugali, wali, ndizi na maharage, nyama mara moja moja. Chai ya rangi anaipenda sana, haikosekani mezani kila mlo.

Mwana_Kiboriloni
Mchicha mkuu, hakuna mjadala. Bibi zetu wamelea mimba kwa mchicha, mnafu na mtori.

LisheArusha
Hongereni kwa ujauzito ndugu. Kazi yangu ni lishe, na swali lako ni zuri kwa sababu wengi hubishana bila kuangalia namba.

Kwa gramu 100 za majani mabichi, mchicha una madini ya chuma kama miligramu 2.3. Sukuma ya majani mapana ina kama nusu miligramu tu. Zile za majani ya kujikunja hufika 1.5 hivi. Kwa hiyo kwa upande wa chuma mama mkwe yuko sahihi. Kalsiamu zinakaribiana, miligramu 215 kwa mchicha na 232 kwa sukuma. Vitamini C mchicha umetangulia kidogo, 43 kwa 35. Sukuma inapita kwenye vitamini A na kwenye foliki asidi, ambayo mwili hauwezi kutengeneza damu bila kuwa nayo: kama maikrogramu 129, mchicha 85. Namba hizi hupanda na kushuka kwa aina ya mbegu, udongo, na muda ambao mboga imekaa juani tangu ichumwe, zichukue kama mwongozo.

Halafu kuna suala la ufyonzwaji. Mchicha ni wa ukoo mmoja na spinachi, una oksaleti nyingi ambazo huishika kalsiamu ikatoka bila mwili kuitumia. Kalsiamu ya spinachi hufyonzwa kama asilimia 5 tu, wakati ya mboga za jamii ya sukuma hufika asilimia 40, inaipita hata ya maziwa. Mtoto anajenga mifupa sasa hivi, na sukuma ya shemeji inamfaa sana kwa hilo. Kuiita ya kujazia sahani ni kuionea.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Mjamzito anahitaji kama miligramu 27 za chuma kwa siku. Gramu 200 za mchicha, ambazo zikishanywea sufuriani ni sahani moja ya kawaida, zinampa 4.6. Na chuma cha kwenye mimea mwili unachukua sehemu ndogo tu. Damu ya mjamzito tunataka iwe 11 au zaidi. Yake ni 9.6. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mboga peke yake, uwe mchicha, iwe sukuma. Tiba ni vile vidonge, mboga ni wasaidizi wake. Inaniuma sana kuona nyumba inahangaika kutafuta mchicha wa kila siku huku vidonge vimelala kabatini kwa sababu vinatia kichefuchefu. Vikimsumbua, avimeze usiku baada ya kula, na arudi kliniki awaeleze, asiache kimyakimya. Choo kikiwa cheusi asiogope, ni hivyo vidonge.

Kwa hiyo usimlazimishe mchicha. Mwache ale sukuma kwa furaha, na huo mchicha muuingize kidogo kidogo kadiri tumbo linavyokubali.

BabaMtarajiwa
Asante sana mtaalamu, hapo kwenye vidonge nimeshtuka kidogo maana kuna siku anaruka. Vipi kuhusu chai? Na kuna kitu cha kuongeza kwenye mboga ili hicho chuma kiingie?

NesiMstaafu_Sakina
Mwanangu, hiyo chai ndiyo ingenitia wasiwasi kuliko mboga. Chai ina tanini, inakikamata chuma cha kwenye mboga na maharage kabla mwili haujakichukua. Kahawa ni hivyo hivyo, ingawa najua kwenu Kilimanjaro ni zao la nyumbani. Simwambii aache. Ainywe saa moja au mbili baada ya chakula, isikae mezani pamoja na ugali wake. Vidonge pia asivimeze kwa chai wala kwa maziwa. Maji yanatosha, au juisi ya chungwa.

Cha kuongeza ni vitamini C. Kamua limau juu ya mboga ikishaepuliwa, maana moto unaiharibu. Au ale chungwa, embe, pera baada ya mlo. Pera limejaa vitamini C kuliko hata chungwa. Nyama kidogo au samaki kwenye mlo ule ule husaidia chuma cha mboga kufyonzwa vizuri zaidi. Si lazima nyama ya bei. Dagaa wa Mbuyuni, perege wa Nyumba ya Mungu, vyote vinafaa. Maharage yalowekwe usiku kucha na yale maji yamwagwe.

Maini watu watakuambia ampe kila siku. Yana chuma kweli, ila vitamini A yake ni nyingi mno kwa mjamzito, usiyageuze kuwa chakula cha kila wiki.

Na muulize kama amepimwa malaria na kama amepewa dawa ya minyoo. Damu ikivuja huku, huwezi kuijaza kule kwa mboga.

MamaWawili_Ngarenaro
Niongezee upande wa jikoni. Harufu ya udongo ninavyojua mimi inatokana na mchicha wa kung'olewa na mizizi, ukaoshwa juu juu. Mwambie anunue wa kuchuma majani, auoshe kwa maji mengi ukiwa mzima, ndipo akate. Ukikata kwanza halafu ukaosha, vitamini zinaenda na maji. Ile tabia ya kuchemsha mboga, kuikamua na kumwaga maji nayo ni hasara tupu. Unapunguza zile oksaleti alizotaja mtaalamu, lakini foliki na vitamini C zinamwagika pia.

Mimi nilipokuwa mjamzito nilichanganya. Kaanga kitunguu, weka nyanya na hoho, tia sukuma iliyokatwa, funika kidogo, halafu mchicha unaingia mwisho kabisa, dakika mbili tatu unaepua. Malizia na karanga za kusaga. Mafuta ya karanga yanasaidia vitamini A kufyonzwa, na ladha ya sukuma inafunika ule mchicha. Mwanzo weka mchicha kiganja kimoja tu.

Mnafu wa mama mkwe usiudharau pia. Achume majani tu, vile vitunda vibichi vya kijani visiingie sufuriani.

Kijana_wa_Usa
Naomba kusema jambo kwa wengine wanaosoma huu uzi. Kama nyumbani kuna mtu anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kama baba yangu, mchicha na sukuma vyote vina vitamini K nyingi sana na inapunguza nguvu ya dawa. Haimaanishi aache mboga. Ale kiasi kile kile siku zote, na asibadilishe ghafla bila kumwambia daktari wake. Na mwenye historia ya mawe ya figo aulize kwanza kabla ya kula mchicha kila siku, kwa ajili ya hizo oksaleti.

BabaMtarajiwa
Nawashukuru sana. Swali la mwisho: uwani nina nafasi ndogo tu. Naweza kupanda mwenyewe?

Bustani_Tengeru
Unaweza kabisa, hata kwenye viroba. Mchicha sia mbegu juu juu kwenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, funika kwa udongo mwembamba, maana mbegu yake ni ndogo sana na ukiifukia chini haioti. Wiki tatu hadi nne unaanza kula. Usiung'oe, kata ncha, utachipua pembeni uendelee kuchuma. Sukuma anzia kitaluni, hamishia kwenye kiroba miche ikiwa na majani manne au matano. Itakuchukua kama miezi miwili tangu kusia, lakini ukichuma majani ya chini tu itakulisha kwa miezi mingi.

Mbegu za mboga za asili huku kwetu tuna bahati nazo. World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga, ipo hapa Duluti, na wamefanyia kazi mchicha, mnafu, mgagani na ngogwe kwa miaka mingi. Kwenye duka la pembejeo ulizia mchicha wa majani, siyo ule wa nafaka. Maji ya kumwagilia yawe ya bomba au ya mvua, usichote kwenye mfereji unaopita kwenye makazi. Wadudu wakija kwenye sukuma, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo chini ya majani jioni, na siku ya kuchuma osha vizuri. Dawa ya dukani usiiguse kwa mboga ya mjamzito.