Siku tatu pwani na familia: matumbawe, mikoko au kutembea mwambani maji yakipwa?

Mgeni wa Pwani (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote na ninaomba ushauri wa wenye uzoefu. Mwezi ujao tutakuwa pwani kwa siku tatu kamili, tukiwa watu watano: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 13, kijana wa miaka 8, na mama yangu mzazi mwenye miaka 71, ambaye magoti yanamsumbua na ambaye hajawahi kuingia baharini zaidi ya kulowesha nyayo. Tumepata mapendekezo manne. La kwanza ni kwenda kwa mashua kutazama matumbawe kwa miwani na bomba la kupumulia. La pili ni kupiga kafi katika kayaki ndani ya mikoko, la tatu ni kutembea juu ya mwamba maji yakipwa, na la nne, ambalo mume wangu analitamani, ni kuzamia kwa mtungi wa hewa. Hatuwezi kufanya yote bila kuchoka, na sitaki mama abaki chumbani huku sisi tukistarehe. Je, mngechagua lipi, na kwa sababu gani?

Bamvua

Dada, kabla ya kulinganisha shughuli zenyewe, uliza mambo mawili: mwezi utakuwa na siku ngapi mtakapofika, na maji yatakupwa saa ngapi. Nimeona wageni wengi wakichagua mahali pazuri kwa saa mbaya, kisha wakaondoka wakiamini kwamba mahali penyewe hapana kitu.

Katika pwani nyingi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kutoka kujaa kumoja hadi kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50, na ratiba ya jana haifai leo. Mwezi unapoandama au kuwa mpevu, na kwa siku moja au mbili baadaye, jua na mwezi huvuta kwa pamoja na tunapata bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Ukubwa wa tofauti hiyo hutegemea pwani yenyewe. Katika sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania mgeni anaweza asiitambue kabisa, ilhali katika Bay of Fundy nchini Kanada hufikia takriban mita 16.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Wanamaji hugawa kimo chote katika mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza huondoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, na ya sita moja. Maana yake ni kwamba nusu ya maji yote huhama ndani ya saa mbili za katikati, na hapo ndipo mkondo unapokuwa mkali katika milango ya mwamba na midomo ya hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu. Muogeleaji mchanga hapaswi kuwa katika sehemu hizo wakati huo.

Kwa familia yenu ningeanza na mwamba, ikiwa mtakuwa katika bamvua. Hakuna haja ya kujua kuogelea, na kijana wa miaka 8 ataona mengi kuliko atakayoyaona akihangaika na bomba mdomoni. Ukichuchumaa kando ya kidimbwi kimoja kisichozidi upana wa beseni na ukatulia kwa dakika tano bila kutikisa kivuli chako, kitu ulichodhani ni jiwe huanza kutembea. Utamwona kaa aliyejificha ndani ya kombe la konokono, na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, akisogea polepole kwa mamia ya vimiguu vilivyo chini ya mikono yake. Pengine atatokea pweza mwenyewe, akibadilisha rangi mara tu anapojua kwamba ameonekana. Fikeni saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, na mgeuke kurudi mara yanapoanza kurejea, kwa sababu bahari huanza kujaza mifereji iliyo nyuma yenu kabla ya kufika mlipo.

Miwani Mbili

Ninaheshimu maneno ya Bamvua, lakini kwa binti wa miaka 13 siwezi kuyaweka matumbawe nyuma ya kitu chochote. Miamba ya matumbawe imefunika chini ya asilimia moja ya sakafu ya bahari, na bado inakadiriwa kwamba robo ya aina zote za viumbe wa baharini hutegemea miamba hiyo katika kipindi fulani cha maisha yao. Mtu anayelala juu ya maji yaliyotulia, akapumua taratibu na kutazama chini, husahau kwamba alikuwa na hofu.

Hata hivyo kuna masharti ambayo sitayalegeza. Miwani ijaribiwe nchi kavu: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, na ikibaki usoni bila kuanguka basi inakufaa. Kijana avae jaketi la kuokolea hata kama anaogelea vizuri. Wote wavae fulana za mikono mirefu, kwa sababu anayetazama chini haoni jinsi mgongo wake unavyoungua. Fulana hizo pia hupunguza mafuta ya kukinga jua yanayoingia majini, na baadhi ya kemikali za mafuta hayo zimepigwa marufuku na Palau tangu 2020, na kuuzwa kwake kukakatazwa Hawaii tangu 2021, kwa ajili ya kulinda matumbawe. Msisimame juu ya tumbawe hata kwa sekunde moja, kwani tumbawe la mviringo hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka, na kisigino kimoja huvunja kazi ya miaka mingi.

Kuhusu saa, mimi hupendelea asubuhi. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hivyo kufikia mchana upepo kutoka baharini huwa umepanda na maji yameanza kuchafuka.

Bamvua

Hapo naongeza neno moja. Asubuhi ni njema kwa upepo, lakini katika bamvua saa mbili asubuhi huweza kuangukia katikati ya maji kutoka, na watoto wakavutwa kuelekea mlango wa mwamba. Mahali penye mwamba unaozuia mawimbi, ni afadhali kusubiri maji yakupwe na kuogelea katika dimbwi kubwa lililobaki upande wa ndani, ambalo wakati huo hutulia hata kama nje kuna upepo.

Kafi Moja

Shikamoo kwa mama, dada. Mimi nasema mikoko, na nasema hivyo kwa ajili yake.

Katika pwani za joto zenye mikoko, hori kwa kawaida haina mawimbi makubwa, na mzee anaweza kuketi ndani ya chombo kipana chenye sakafu bapa, mgongo ukiwa umeegemezwa, bila kukunja magoti sana na bila kulowa. Anachokiona hakina haja ya miwani. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu, mti mwingine wa mikokoni, hutoa mizizi midogo inayochomoza wima kutoka matopeni ili ipate hewa, maana ndani ya tope lile hewa haimo. Ukigeuza jani la mchu siku isiyo na mvua utaona chembe nyeupe zinazong'aa. Hiyo ni chumvi ambayo mti umeinyonya pamoja na maji kisha ukaitoa jasho kupitia majani yake, na ukiligusisha jani ulimini utaithibitisha. Kwenye kingo za tope kuna kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa kupita kiasi, analolipungia juu kana kwamba anaita mtu.

Lakini lazima niseme yaliyonipata. Mwaka fulani nililipia ziara ya namna hiyo kwa watu ambao sitawataja. Walituchelewesha, tukaingia horini maji yakiwa yameanza kutoka, na kiongozi akasisitiza kwamba tuna muda. Tulipogeuka, mfereji ulikuwa umebaki upana wa chombo, kisha chombo kikakaa juu ya tope. Tulikaa pale zaidi ya saa nne, jua likiwa kichwani, na mtoto wa mwenzetu akilia kwa kiu. Nilijaribu kushuka nisukume, nikazama hadi mapajani, na kiatu changu kimoja bado kimo mle. Tangu siku hiyo sipandi chombo cha mikokoni kabla sijamuuliza kiongozi saa ya maji kujaa, na asipoijua papo hapo naondoka. Utaratibu salama ni kuingia saa moja na nusu hivi kabla ya maji kujaa, mkisaidiwa na maji yanayopanda, kisha mkarudi na ya kwanza yanayotoka.

Mzamiaji

Kwa mume wako nitasema kwa ufupi. Kama mnarudi kwa ndege, asizamie siku ya mwisho. Mwongozo unaofuatwa na wazamiaji wengi unataka mtu asubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupunguza naitrojeni, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kwa sababu naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inaweza kutoa mapovu anapopanda juu. Tahadhari hiyo inahusu pia kurudi kwa gari kupitia milima mirefu. Katika siku tatu zenye mzee na watoto, ningeacha mtungi kwa safari nyingine.

Nyayo Mchangani

Naomba nipinge kidogo kuhusu mwamba. Mimi hufanya kazi ya huduma ya kwanza ufukweni, na majeraha mengi ninayoyafunga ni ya watu waliotembea mwambani na ndara. Valeni viatu vinavyofunga mguu mzima na vyenye soli nene. Samaki-jiwe hukaa kimya kabisa na miiba yake ya mgongoni ina sumu kali. Akimchoma mtu, mguu utiwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, takriban nyuzi 45, huku akipelekwa hospitali. Mahali penye mchanga na maji ya kina kifupi, burura nyayo badala ya kuzinyanyua, ili samaki aitwaye taa aliyejifukia apate kuondoka. Mzee mwenye magoti mabovu hapaswi kabisa kuwa juu ya mwamba wenye mwani, kwani utelezi wake hauna huruma.

Jambo jingine linahusu ufukwe wenyewe, ambao hakuna aliyeutaja. Kama ni ufukwe ulio wazi kwa mawimbi, tazameni sehemu ambayo mawimbi hayaumuki na maji yana rangi nzito kuliko kandokando. Wageni huiona kuwa tulivu wakaichagua, kumbe ndiyo njia ya mkondo unaorudi baharini, ambao unaweza kufikia kasi ya zaidi ya mita mbili kwa sekunde, na hakuna muogeleaji anayeushinda kwa kupambana nao ana kwa ana. Aliyenaswa asielekee pwani moja kwa moja, bali aelee, ainue mkono kuomba msaada, na akiweza aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke kwenye mkondo. Wafundisheni watoto jambo hili kwa kuchora mchangani kabla hawajalowa.

Mgeni wa Pwani (mleta mada)

Ninawashukuru sana, nyote mmenifumbua macho. Nimepata ratiba ya maji: tutafika siku mbili baada ya mwezi mpevu. Siku ya kwanza maji yatakupwa saa nne na dakika arobaini asubuhi na kujaa karibu saa kumi na moja jioni. Siku ya pili yatakupwa saa tano na dakika ishirini. Mume wangu amekubali kuacha mtungi, ingawa hakufurahi.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Siku ya kwanza asubuhi mume wangu na watoto waende mwambani na viatu vya kufunga, nami nibaki na mama kivulini, kisha jioni twende sote mikokoni. Siku ya pili, saa tano, niende na watoto kwenye dimbwi la ndani ya mwamba kutazama matumbawe. Siku ya tatu tuiache wazi.

Kafi Moja

Mpango ni mzuri, dada. Ingieni horini saa tisa na nusu alasiri, mtakuwa mmetoka kabla giza halijaingia. Chagueni chombo kipana kwa ajili ya mama, na binti awe kwenye kayaki kando yenu, akiwa amevaa jaketi.

Miwani Mbili

Nami nakubali hiyo saa tano, Bamvua amenishinda kwa haki. Ila ikinyesha mvua kubwa usiku wa kuamkia siku hiyo, sogezeni matumbawe hadi siku ya tatu, kwani maji ya mito huleta udongo na hamtaona hata vidole vyenu.

Mgeni wa Pwani (mleta mada)

Nimeandika yote. Nimemsomea mama habari ya jani la mchu, akauliza kama anaweza kulionja bila kuinuka pale alipoketi. Nikampigia simu mwenye chombo, naye kabla sijamuuliza akanitajia saa ya maji kujaa, kisha akasema kwamba maji yakifika juu matawi huwa usawa wa bega.