Filamu ya hali halisi kuhusu ucheshi wa Kiyahudi: niijenge juu ya nini?

Mwandaaji wa Filamu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaandaa filamu ya hali halisi ya dakika 90 kuhusu ucheshi wa Kiyahudi na wachekeshaji walioukuza. Mpango wangu wa sasa unaanza na Hershele Ostropoler, yule fukara mjanja wa karne ya 18 ambaye visa vyake vilienea miongoni mwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kutoka hapo unapitia hadithi za wajinga wa mji wa Chełm, Polandi, waliofunika pipa la maji wakidhani wameunasa mwezi, kisha unavuka bahari pamoja na wahamiaji hadi New York na kukomea kwenye televisheni ya Marekani ya miaka ya 1990, enzi ya mchekeshaji Jerry Seinfeld. Kila nikiusoma naona majina ni mengi kuliko hoja. Utafiti wa Pew, taasisi ya Marekani ya kura za maoni, wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 42 ya Wayahudi wa Marekani walihesabu ucheshi kuwa sehemu ya lazima ya Uyahudi wao. Ningependa mtazamaji aelewe sababu yake, asiondoke na orodha ya watu maarufu tu. Naomba ushauri: filamu ijengwe juu ya nini, na niyaguse vipi mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi bila kuwavunjia heshima waliouawa?

Mhariri wa Picha alijibu:

Ndugu Mwandaaji, mimi ningekishikilia kila kipande kwa swali moja: ukumbini walikaa akina nani? Ukishalijibu, majina yatajipunguza yenyewe.

Chukua hoteli za milima ya Catskill katika jimbo la New York. Zilistawi kwa sababu hoteli nyingi za kwingineko ziliwakataa Wayahudi waziwazi, nao wakajenga za kwao, zikiwemo Grossinger's na Concord, ambako familia za mjini zilifurika kila kiangazi. Hoteli hizo ziliajiri mchangamshaji aliyeitwa tummler, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha mgeni hachoshwi kuanzia asubuhi mpaka usiku. Mel Brooks, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1926, aliifanya kazi hiyo akiwa kijana. Amesimulia jinsi alivyokuwa akipanda ubao wa kurukia majini akiwa amevaa koti zito na kubeba masanduku mawili yenye mawe, analalamika kwa sauti kuu kwamba biashara imekufa na hataki tena kuishi, kisha anajitosa kwenye bwawa. Waliokuwa wakimtazama hawakuhitaji kufafanuliwa chochote, maana hofu ya duka kufungwa waliijua majumbani mwao.

Sasa mfuate kijana huyo hadi mwaka 1950, alipokuwa mmoja wa waandishi wa kipindi cha mchekeshaji Sid Caesar kwenye televisheni ya NBC, pamoja na watu kama Carl Reiner. Watazamaji walikuwa taifa zima, na wengi wao hawakujua neno hata moja la Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Nini kilibaki katika mzaha, na nini kiliachwa mlangoni? Kwa maoni yangu, filamu yako iko hapo. Usimwache nje Jean Carroll, ambaye alisimama peke yake jukwaani na kuchekesha wakati wanawake waliofanya hivyo walikuwa wachache mno. Mwisho wa hoteli zenyewe hauhitaji dakika nyingi: safari za ndege zilishuka bei, viyoyozi vikapunguza makali ya joto la mjini, na milango iliyokuwa imefungwa kwingineko ikafunguka. Grossinger's ilifungwa mwaka 1986 na Concord mwaka 1998.

Msomaji wa Historia alijibu:

Nakubaliana na swali la Mhariri, lakini sikubaliani na mahali anapoanzia. Ukianzia Catskill, mtazamaji ataamini kwamba ucheshi huu ulizaliwa Marekani. Watafute Shimon Dzigan na Israel Schumacher, wawili waliotoka Łódź na kutamba Warszawa katika miaka ya 1930 kwa michezo mifupi ya Kiyidishi iliyowachoma wanasiasa. Vita vilipozuka walikimbilia Muungano wa Kisovieti, na waliporejea Polandi baadaye, sehemu kubwa ya hadhira yao ilikuwa imeuawa. Mwaka 1950 walifika Israeli, ambako serikali ilitaka watu wazungumze Kiebrania na maonyesho ya Kiyidishi yaliwekewa vikwazo. Historia ya ukumbi unaohama na kupotea hutaipata kwa uwazi zaidi ya hapo.

Kuhusu mauaji, ningekushauri uende kwenye kambi ya Westerbork, Uholanzi, ambako Wanazi waliwakusanya Wayahudi kabla ya kuwasafirisha. Max Ehrlich na Willy Rosen, waliokuwa nyota wa majukwaa ya Berlin, walitengeneza maonyesho ya vichekesho humo kambini, huku mkuu wa kambi akikaa mstari wa mbele na treni zikiendelea kupeleka wafungwa mashariki. Wote wawili waliuawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1944. Nakusihi msimulizi wako asiseme kwamba kicheko kiliwaokoa, kwa kuwa hakikuwaokoa. Waonyeshe kama wasanii waliofanya kazi yao katika hali ya kutisha, usiweke muziki chini ya maneno hayo, kisha uendelee.

Mtunza Nyaraka alijibu:

Nitaongeza jambo la vitendo. Kwa picha na sauti za Ulaya, anza na YIVO, taasisi ya utafiti wa utamaduni wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki iliyoanzishwa Vilnius mwaka 1925 na ambayo sasa iko New York. Kituo cha Vitabu vya Kiyidishi kilichoko Amherst, Massachusetts, kina mahojiano mengi ya simulizi. Vipande vya televisheni ni ghali. Sheria ya Marekani inaruhusu "matumizi ya haki" (fair use), yaani kutumia kipande unachokichambua bila kibali cha mwenye hakimiliki, lakini wasambazaji wengi hudai bima, na kampuni ya bima hudai maoni ya mwanasheria. Kwa hiyo andika uchambuzi kwanza, ndipo uchague kipande kinachouthibitisha.

Mwandaaji wa Filamu alijibu:

Nawashukuru sana. Nimeamua kuanza na Dzigan na Schumacher, kisha Catskill, kisha televisheni. Hershele na Chełm nitawagusa kwa sentensi chache. Bado nina hofu kuhusu mizaha inayoegemea dhana potofu, hasa ile ya ubahili.

Mhariri wa Picha alijibu:

Usiikwepe. Mchekeshaji Jack Benny, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi kwa jina la Benjamin Kubelsky, alijijengea redioni sura ya bahili bila kuihusisha na Uyahudi. Mwaka 1948 jambazi wa mchezo alimwambia achague: pesa au uhai. Benny akanyamaza. Watu wakacheka, jambazi akarudia, ndipo akajibu kwamba bado anafikiria. Acha ukimya huo ucheze wote bila kuukata, na baada yake tu mtaalamu aeleze nani alisikia nini. Pembeni yake mweke mchekeshaji Lenny Bruce, aliyeyasema mambo ya Kiyahudi waziwazi. Alihukumiwa New York mwaka 1964 kwa lugha chafu, akafa mwaka 1966, akasamehewa mwaka 2003.

Mahojiano usiyacheleweshe, kwa sababu waliofanya kazi kwenye hoteli zile katika miaka ya 1950 sasa ni wazee sana. Anza na wahudumu na wapiga muziki: walikuwa ukumbini usiku baada ya usiku, na wanajua ni mzaha upi uliopokelewa kwa kimya.