MJADALA: Bastola ndani ya gari-nyumba porini, tuibebe au tuiache?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana nyumbani kwangu limeshindikana kuisha.

Mimi na mke wangu tunaishi kwenye gari-nyumba, huu ni mwaka wa tatu. Hatulali kwenye viwanja vya kulipia vyenye umeme na bomba la maji. Tunakaa kwenye ardhi ya umma magharibi mwa Marekani, ile iliyo chini ya serikali ya shirikisho, ambako kwa kawaida unaruhusiwa kukaa siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28 kisha unahama. Umeme ni wa sola, maji ni ya tangi, na mara nyingi simu haishiki mtandao kabisa. Kwenye droo ya kando ya kitanda kuna bastola. Kibali ninacho na mafunzo nimepata.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, mlango uligongwa. Nikauliza, "Nani?" Kimya. Ukagongwa tena kwa nguvu zaidi. Nikapaza sauti, nikasema nina silaha. Kimya. Halafu kitasa kikaanza kuchezeshwa. Wakati huo bastola nilikuwa nimeshaielekeza mlangoni. Mke wangu ndiye aliyesogeza pazia la dirisha la jikoni, upana wa vidole viwili tu. Nje alikuwa amesimama mzee mwenye tochi, anamulika karatasi aliyoigandamiza kwenye kioo kwa kiganja. Ameandika kwa herufi kubwa kwamba yeye ni kiziwi, gari lake limezama mchangani, na mkewe amebanwa na kifua.

Tulituma ujumbe wa dharura kwa kifaa cha setilaiti, msaada ukaja, mama wa watu akachukuliwa akiwa hai. Lakini tangu usiku ule mke wangu anasema bastola itoke humu ndani. Mimi nasema hodi ile ingeweza kuwa ya mtu mwingine. Ninyi mnaokaa porini mmeamuaje?

Mlinzi wa Zamani

Pole sana mkuu, na shemeji mpe pole. Nimefanya kazi ya lindo miaka kumi na tisa, kwa hiyo sikuhukumu. Ila wewe umeanza na swali la mwisho. Kabla ya kuuliza kama ubebe bastola, niambie: usiku ule gari lilikuwa linatazama wapi? Ufunguo ulikuwa wapi? Ungeweza kuwasha na kuondoka bila kukanyaga nje?

Gari-nyumba lina kitu ambacho nyumba ya tofali haina: magurudumu. Wengi wanalisahau hilo wakishafika. Wanaingiza pua kwenye kona ya miti, wanashusha jeki za kusawazishia, wanasukuma nje kile chumba cha pembeni kinachochomoza ukutani kupanua gari, wanatandaza viti, zulia na jiko chini ya turubai. Hapo umeshajifunga mwenyewe. Mimi nikifika mahali nageuza kwanza, pua itazame njia ya kutokea. Pazia la kioo cha mbele nalifunga kwa namna ninayoweza kulivuta kwa mkono mmoja. Ufunguo una msumari wake, hauondoki hapo. Na kabla jua halijazama naingiza vitu vyote ndani.

La pili, ukuta. Ukuta wa gari-nyumba ni bati la alumini au faiba nyembamba, povu la kuzuia joto, na ubao wa plaiwudi. Risasi ya bastola inapita hapo na kuendelea na safari. Ungefyatua, ungekuwa umempiga mtu usiyemwona, kupitia mlango usioweza kuisimamisha risasi, na huko nyuma ya mzee hujui kulikuwa na nani. Vivyo hivyo risasi ya mshambuliaji aliye nje inaingia. Ukiwa ndani ya kiboksi kile, huna ngome.

Mama Msafiri

Mlinzi, shikamoo. Nimekusoma kwa heshima, lakini ushauri wa "washa uondoke" una mwenyewe. Mimi navuta trela ya kulala. Kitanda kiko kwenye trela, usukani uko kwenye pikapu. Ili niondoke lazima nifungue mlango, nishuke ngazi, nizunguke gizani hatua kumi na mbili (nimezihesabu), nifungue mlango wa pikapu. Yaani nimtoroke mtu aliye nje kwa kutoka nje alipo.

Nina miaka hamsini na nne na nasafiri peke yangu tangu nilipofiwa na mume wangu. Kila mara wanaume wananiambia nipige simu polisi. Jamani, kaunti ya San Bernardino kule California peke yake ni zaidi ya kilomita za mraba 52,000. Ukiwa upande wake wa jangwani, hata mtandao ukiwepo na ukajibiwa papo hapo, gari la polisi lina barabara ya kutembea. Muda huo wote niko peke yangu na huyo aliyegonga.

Bastola ninayo na haitoki. Sijawahi kuielekeza kwa mtu na namwomba Mungu isije ikatokea. Lakini naenda kwenye uwanja wa shabaha kila mwezi, nafanya mazoezi ya kuitoa kwenye kisanduku chake gizani ikiwa tupu, na nimeshajiambia mstari wangu uko wapi: mtu akivunja mlango na kuingiza mwili ndani. Anayegonga namjibu bila kufungua. Anayeiba jenereta nje aende nayo, sitaua mtu kwa ajili ya jenereta. Mleta mada, samahani kukuambia hivi, lakini usiku ule wewe hukuwa na mstari. Ulikuwa na silaha na hofu tu.

Mleta mada

Mama, umenigusa penyewe. Ni kweli. Nilijua kulenga, sikuwa nimeamua lini.

Msoma Sheria

Naongeza upande wa sheria, maana gari-nyumba linavuka mipaka na sheria zinabadilika kila linapovuka.

Wengi wanaamini kwamba gari-nyumba ni nyumba, kwa hiyo ukishambuliwa ndani una haki zote za mwenye nyumba. Inategemea uko jimbo gani. Florida, kwa mfano, sheria yake ya kujilinda inapoeleza makazi ni nini inajumuisha hata chombo kinachotembea, na imetaja hema kwa jina. Majimbo mengine hayana tafsiri pana kiasi hicho, na yapo yanayokutaka urudi nyuma kwanza kama unaweza kufanya hivyo kwa usalama ukiwa nje ya makazi yako. Na hata Florida, ile dhana ya kisheria kwamba hofu yako ya kuuawa au kuumizwa vibaya ilikuwa ya msingi inasimama pale mtu anapoingia kwa nguvu na bila haki, au ameshaingia. Hodi si uvunjaji.

Upande wa upekuzi, mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya California dhidi ya Carney, iliamua kwamba gari-nyumba linaloweza kuwashwa na kuendeshwa barabarani linachukuliwa kama gari. Kwa hiyo polisi wakiwa na sababu ya msingi wanaweza kulipekua bila hati ya mahakama. Usijidanganye kwamba droo ya kitandani ni faragha sawa na ya nyumbani.

Kusafiri nayo je? Sheria ya shirikisho ya 1986 inakulinda unapopita kwenye jimbo lenye masharti makali, ilimradi silaha ni halali ulikotoka na unakokwenda, haina risasi ndani, na haifikiki kutoka ulipokaa. Kama gari halina buti iliyotengwa, iwe kwenye chombo chenye kufuli ambacho si kile kisanduku cha kwenye dashibodi. Sasa fikirieni gari-nyumba: ni chumba kimoja kuanzia usukani hadi kitanda. Bastola iliyo wazi kwenye droo haiko salama kisheria. Tena ulinzi huo ni wa mtu anayepita. Ukipiga kambi siku kadhaa, wewe si mpita njia tena. New York haitambui kibali cha kubeba bastola kilichotolewa na jimbo jingine, kwa hiyo usitegemee karatasi yako ya nyumbani.

Hifadhi za taifa: tangu Februari 2010 unaweza kuwa na silaha ndani ya hifadhi kama sheria ya jimbo ilipo hifadhi inaruhusu, lakini si ndani ya majengo ya serikali kama vituo vya wageni. Kuwa nayo hakumaanishi kuruhusiwa kuitumia. Kanada ilifunga mlango wa kuingiza bastola mwaka 2022, usifike nayo mpakani. Na Meksiko ukiingia na silaha bila kibali, au hata risasi zilizosahaulika uvunguni, hiyo ni kesi ya jela.

Kijana wa Milimani

Mbona mnazungumzia bastola tu? Mimi nabeba kopo la pilipili ya kupuliza, ile ya kufukuzia dubu. Kuna utafiti uliochapishwa 2008 kuhusu matukio ya Alaska: pilipili ile ilimzuia dubu wa kahawia mara 92 katika kila 100. Kama inamrudisha dubu, itashindwa kumzuia mtu? Na haiui.

Fundi wa Magari-nyumba

Kijana, kopo hilo kwa dubu nalikubali bila ubishi, ingawa angalia unakokwenda: hifadhi ya Yosemite hawaliruhusu kabisa. Lakini nimewahi kuletewa gari ambalo kopo lilipasuka ndani. Wenyewe walishindwa kulala humo kwa siku kadhaa. Magodoro, mapazia, kapeti, vyote vilikuwa vinawasha; nikifungua kabati macho yanatoka machozi. Kitu kilichotengenezwa kurusha wingu mita saba hadi kumi porini, ukikifyatua ndani ya chumba cha mita mbili wa kwanza kupofuka ni wewe. Na Kanada, pilipili iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu ni silaha iliyopigwa marufuku. Ya dubu inaruhusiwa kwa ajili ya dubu, ukimwambia askari wa mpakani ni ya watu umejifunga kwa mdomo wako.

Kuna jambo moja naomba kila mmoja alifanye leo. Chukua ufunguo wa milango ya makabati ya nje, yale ya kuwekea mabomba na vifaa. Tazama herufi zilizochongwa kichwani. Kama zimeandikwa CH751, basi ufunguo huo huo unafungua makabati ya magari-nyumba yasiyohesabika, ya kampuni tofauti kabisa. Nimeshafungua kabati la mteja kwa ufunguo wa mteja mwingine mbele ya macho yao, wote wawili wakaguna. Badilisha vile vitasa. Ni kazi ya bisibisi na dakika chache kwa kila mlango. Mtu analipa pesa nyingi kwa bastola halafu nje kila kitu kimefungwa kwa ufunguo wa watu wote!

Nimalizie na hili ingawa halihusu wezi. King'ora cha kaboni monoksidi (gesi ya moshi wa injini, haina harufu na inaua) kina tarehe ya mwisho, imeandikwa nyuma yake. Kigeuze usome. Jenereta inayounguruma chini ya dirisha lililo wazi haigongi mlango.

Mlinzi wa Zamani

Marahaba mama. Nimekaa na hoja yako ya hatua kumi na mbili tangu jana. Sina jibu la kuivunja. Kwa mwenye trela, ushauri wangu wa kwanza haufanyi kazi, nakiri. Lakini bado sikubaliani nawe kwenye jambo moja. Unasema mstari wako ni mtu kuingiza mwili ndani. Mimi nimeona watu walioweka mstari mchana na wakausogeza usiku bila kujua kwamba wameusogeza. Mazoezi ya uwanjani yanafundisha mkono. Je, ni nini kinachofundisha moyo kusubiri? Nauliza kwa nia njema.

Mama Msafiri

Swali zuri, nami nimeliuliza peke yangu usiku mwingi. Kinachonisaidia ni sauti. Nina maneno yangu, siyabadilishi: "Sifungui. Nimeshaomba msaada. Ondoka." Nayasema mara tatu huku nikibonyeza kitufe cha honi cha kwenye rimoti ya pikapu, taa zote zinawaka. Aliyepotea anarudi nyuma, anainua mikono, anajieleza. Hata yule kiziwi angeziona taa. Wakati huo mimi nimekaa chini sakafuni nyuma ya friji, si mbele ya mlango, na bastola imeelekea chini. Mpaka nimalize ile mara ya tatu nimeshapata pumzi mbili tatu za kufikiri. Siwezi kukuhakikishia kwamba moyo utatii. Naweza kukuambia tu kwamba nimeupa kazi ya kufanya kabla ya ile kazi nyingine.

Na ikitokea siku nikajiona mkono umetangulia maneno, nitaiuza asubuhi yake.

Mleta mada

Nimemsomea mke wangu mchango mmoja baada ya mwingine. Bado hatujakubaliana, nisiwadanganye. Yeye anashikilia kwamba dirisha lilituokoa, si bastola, na kwamba kama yeye angekuwa amelala fofofo leo ningekuwa naandika kitu kingine. Sina la kumjibu.

Tulichofanya jana: bastola tumeiondoa kwenye droo ya kitandani. Iko kwenye kisanduku chenye kufuli, risasi kando, mpaka tumalize mazungumzo haya. Tumefunga taa inayowaka mtu akisogea, juu ya mlango, na kioo kidogo cha kuchungulia. Ufunguo wa makabati nimeutazama, Fundi, ni huo huo ulioutaja.

Halafu jioni tukajipima, kutoka kitandani hadi gari kuanza kutembea. Nilidhani dakika moja. Ilituchukua dakika sita na nusu, kwa sababu chumba cha pembeni kilikataa kurudi mpaka mke wangu akakumbuka kwamba kabati la vyombo lilikuwa wazi na linakizuia. Leo usiku tunalala bila kukisukuma nje, na tutapima tena. Mama Msafiri, nikuombe kitu: hayo maneno yako matatu, mke wangu anauliza uliwahi kuyatumia kwa kweli, na ilikuwaje?