Tupeane uzoefu: fowili imeshakula nini kwenye gari yako?

Mtoto wa Uyole:

Wakuu mugonile, habari za jioni. Leo nimeamua nijiaibishe mwenyewe kwanza ili na nyie mpate ujasiri wa kusema.

Gari yangu ni Hilux ya dizeli, gia za mkono, ile yenye kirungu kidogo pembeni ya gia kubwa, 2H ya kusukuma tairi za nyuma tu, 4H ya kusukuma zote nne, ndiyo fowili yenyewe, N isiyosukuma popote, na 4L ya zote nne kwa nguvu nyingi na mwendo mdogo. Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka Mwakaleli na mzigo wa ndizi, mvua imepiga usiku kucha, tope lile la kushika mpaka kwenye rimu, nikaweka 4H tangu naondoka na gari ikapanda vizuri mpaka nikaanza kujiona dereva. Nikaibukia lami. Huku jua linawaka, lami kavu kabisa, mteja wangu wa Soweto anapiga simu kila baada ya dakika tano "umefika wapi, umefika wapi", basi kirungu nikakisahau palepale kilipo. Na taa ya 4WD kwenye dashibodi iliungua tangu mwaka jana, kila siku nasema nitaweka.

Kona za kutoka Kiwira kupanda Isyonje usukani ukawa mzito, nikasema hii pawa imeanza tena. Pale Uyole nakata kuingia njia ya mjini, tairi za mbele zinarukaruka kama kuna mtu anazisukuma kwa pembeni, bado sijashtuka. Nafika Sae nikasikia mlio kama mtu kapiga nyundo kwenye chesesi, halafu mlio wa kusaga. Nikapaki na ndizi zangu.

Fundi kafungua, mnyororo wa transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, umeruka umekula mpaka kava lake. Akaokota kijiti akanichorea chini. Ukikata kona, tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma, ukiwa 2H haina neno maana za mbele hazisukumwi na injini, zinajizungukia zenyewe. Ukiweka 4H kwa gari kama yangu, transfa inazifunga propela ya mbele na ya nyuma, vile vyuma virefu vya kupeleka nguvu kwenye tairi, zizunguke sawasawa, hamna difu ya katikati ya kuzisawazisha. Kwenye tope tairi inateleza kidogo na ule msokoto unatoka wenyewe. Kwenye mkeka mkavu tairi haitelezi, msokoto unabaki ndani, unajaa na kujaa kama kamba unayoisokota, mpaka kile kilicho dhaifu kuliko vingine kiachie. Kwangu ulikuwa mnyororo. Bili sitaji hapa, mke wangu naye huwa anapita humu.

Haya, tiririkeni.

Dereva Mstaafu:

Pole sana mwanangu. Mimi nimeendesha Land Cruiser Hardtop ya mradi huko Makete miaka mingi, kabla hamjaanza kununua magari ya kubonyeza vitufe. Zile zetu ukivuta kirungu tu hujaweka fowili, lazima ushuke ukazungushe habu za mbele kwa mkono, vile vya katikati ya tairi vyenye maandishi FREE na LOCK. Na unashuka kwenye tope hilohilo, maana hakuna aliyekumbuka kuzifunga akiwa pakavu.

Kuna kijana mmoja tulipewa awe msaidizi, siku tunapanda kutoka Chimala kwenda Matamba, njia ile wenyewe wanaiita Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona zake. Mimi nilikuwa nimekaa kushoto nasinzia. Kwenye kona moja kuna chemchemi imekata njia, gari ikaanza kuserereka. Akasimama, akaweka 4L vizuri tu, klachi mpaka chini kama nilivyomfundisha, ila habu za mbele zote ziko FREE. Sasa jueni 4L inaongeza nguvu zaidi ya mara mbili, na mbele kumefunguliwa, kwa hiyo nguvu yote hiyo ikaenda kwenye ekseli ya nyuma peke yake. Akakanyaga mafuta, tairi ya nyuma ikaserereka, ikapata jiwe ikashika ghafla. Paa! Ekseli imekatika kama muwa. Tulilala pale na baridi ya Kitulo mnaijua, gari la kutuvuta limekuja kesho yake saa nne.

Tangu siku hiyo sheria yangu ilikuwa moja, mvua za Novemba zikianza nafunga habu nikiwa kituoni na sizifungui mpaka mwezi wa tano. Habu zikiwa LOCK na kirungu kiko 2H gari haipati madhara hata kwenye lami, inakula mafuta kidogo tu zaidi.

Boss wa Njombe:

Wakuu mnatishana bure. Mimi nina Prado 120, natembea fowili mwaka mzima, lami, vumbi, mvua, jua, na sijawahi kusikia mlio wowote. Gari ni matunzo tu na kununua spea halisi.

Mtoto wa Uyole:

@Boss wa Njombe mkuu hiyo yako ni ya fowili muda wote, ina difu ya katikati kwenye transfa, ndiyo inayoachia mbele na nyuma vizunguke tofauti ukikata kona. Usifananishe na Hilux yangu. Ila hata hiyo yako kuna sehemu ya kuifunga difu ya katikati, ukiifunga inakuwa sawasawa na yangu. Angalia kwenye dashibodi kama kuna taa ya kamchoro ka gari kenye X katikati ya propela.

Boss wa Njombe:

Ngoja nishuke nikaangalie.

Mama Viazi:

Nyie wanaume mnaongelea vyuma vikubwa, mimi kagari kangu ni Forester otomatiki, haina kirungu wala nini, nikajua mambo ya fowili hayanihusu. Nafuata viazi Isyonje na Igoma, napakia gunia zangu mbili tatu za wateja wa chipsi, maisha yanaenda. Siku moja tairi ya nyuma imepasuka, nikaenda kwa muuza tairi za mtumba, akanipa moja akasema dada hii inaingia vizuri. Na kweli iliingia. Namba zilizoandikwa ubavuni zilikuwa tofauti na zingine tatu lakini nani anasoma namba za tairi?

Nimetembea nayo kama miezi miwili hivi. Nikaanza kuona nikikata kona kali pale sokoni gari inashika kama nimeacha hendibreki, nikinyoosha inaachia. Nikapuuza. Ikaanza kushtuka shtuka hata nikitoka tu getini. Kufika kwa fundi wa kwanza akanibadilishia CV, vile viungio vya ekseli, zote mbili za mbele, hela imeenda, tatizo liko palepale. Fundi wa pili hakugusa hata spana, alizunguka gari mara moja akauliza "hii tairi ulinunua lini". Kumbe ile moja ni kubwa kidogo, kwa hiyo gari inadhani muda wote ninakata kona, hata nikiwa nimenyooka barabarani, na zile klachi za kugawa nguvu huko nyuma ya giaboksi zinafanya kazi bila kupumzika mpaka zimeungua. Mpaka leo nina hasira na fundi wa kwanza kuliko na muuza tairi.

Fundi Gia:

Dada pole, hiyo naiona hapa gereji karibu kila mwezi. Subaru wenyewe wanataka mzunguko wa tairi zote nne usitofautiane zaidi ya milimita 6.4, ni kitu kidogo sana hicho, tairi mpya moja na tatu zilizolika tayari umeshavuka. Bora ubadilishe zote nne, kama hela haipo tafuta mtumba inayofanana saizi, aina na kimo cha meno. Halafu Forester nyingi za otomatiki za zamani ukifungua boneti kuna kiboksi cha fyuzi kimeandikwa FWD, ukichomeka fyuzi pale gari inasukuma mbele tu, ni kwa ajili ya dharura ukiwa na spea ya saizi tofauti. Ingekufikisha nyumbani bila hasara. Na gari za namna hiyo zikiharibika njiani zisivutwe tairi mbili zikiwa juu na mbili zinazunguka chini, zipandishwe zote nne.

Boss wa Njombe:

Nimerudi. Hiyo taa ipo na inawaka. Jumamosi nilikuwa Ludewa, kuna sehemu palikuwa na utelezi, dogo wangu alibonyeza kitu akasema "tumeshatoka bamdogo". Leo Jumatano.

Mtoto wa Uyole:

😂😂😂 Matunzo na spea halisi mkuu

Mbao za Mafinga:

Mimi yangu ilitokea Kitonga. Nina pikapu ya fowili, nilikuwa nashusha mbao kutoka Mafinga kwenda Moro, mzigo umezidi kidogo, tusiulizane umezidi kiasi gani. Kuna mzee aliwahi kuniambia "kwenye mteremko gia ndogo ndiyo inayokamata gari". Akili yangu ikaelewa gia ndogo ni 4L. Juu kabisa kabla ya kuanza kuteremka nikasimama, nikaweka 4L, nikaanza kushuka.

Kushika kweli inashika, injini inalia kama cherehani, malori yanapiga honi nyuma yangu. Lakini Kitonga ni kona juu ya kona na lami kavu, kila kona usukani unakataa kurudi, tairi zinalia, na nikitaka kutoa kirungu hakitoki, kimeng'ang'ania kama kimechomelewa. Kurudi nyuma siwezi, kuna semi treila imenikalia mgongoni. Basi nimeteremka hivyohivyo mpaka chini nasali kihehe. Kufika Ruaha Mbuyuni nikaingia pembeni kwenye mchanga, nikarudi nyuma kama mita kumi hivi bila kukata kona, kikatoka chenyewe. Ila krosi (kile kiungio) ya propela ya mbele ilikuwa imeshajifia, na sili ya difu inavuja.

Yule mzee nilipomrudia akacheka mpaka machozi. Alimaanisha gia ya pili!

Fundi Gia:

Hapo kwenye kurudi nyuma ndugu yetu kabahatisha dawa yenyewe. Kirungu kikigoma kutoka usikipige kwa nguvu wala usimwite utingo akivute, msokoto ndiyo umekishika. Tafuta ardhi laini, kiweke mkao wa 2H, rudi nyuma mita chache umenyoosha usukani, utasikia imeachia. Escudo na nyingine za zamani zenye habu za kujifunga zenyewe nazo ni hivyohivyo, bila kurudi nyuma kidogo habu hazifunguki hata kama umeshatoa fowili.

Jingine ninalolalamikia ni watu kuweka 4H tairi tayari zinazunguka kwenye tope. Nyuma inazunguka kwa kasi, mbele imesimama, halafu unataka zikutane ghafla, meno ya gia yatabaki kweli? Toa mguu kwenye mafuta, tairi zitulie, ndiyo uweke. Ukiwa unatembea na umenyooka, 4H gari nyingi inakubali bila kusimama, kitabu cha gari yako kitakuambia mwisho ni kasi gani. 4L simama kabisa, otomatiki weka N kwanza.

Isimani Kwetu:

Mimi kinyume chenu, huku kwetu vumbi tu, miaka miwili sijawahi kugusa kirungu. Mwezi wa pili nimeenda msiba Kilolo, mvua, nakivuta hakiendi mbele wala nyuma. Kimeganda kutu. Nimesukumwa na waombolezaji.

Fundi Gia:

@Isimani Kwetu weka 4H angalau mara moja kwa mwezi, kwenye vumbi, tembea kilomita chache ili oili ifike kila mahali. Na oili ya transfa ibadilishwe, watu wanabadilisha ya injini tu. Ukivuka mto maji yakafika kwenye difu, fungua nati uangalie, oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia.

Mama Viazi:

Swali wakuu. Asubuhi pale Isyonje kuna ukungu na manyunyu, lami imelowa halafu magari ya viazi yanamwaga tope barabarani. Mwenye Hilux hapo afanyeje?

Dereva Mstaafu:

Hapo palipo na utelezi aweke 4H, hakuna dhambi, kinachotakiwa ni tairi iwe na nafasi ya kuteleza. Akishavuka pale, lami ikianza kukauka, atoe. Ila asidanganyike, fowili inamsaidia kuondoka na kupanda, kwenye kufunga breki haimsaidii chochote. Waliolala mtaroni pale Isyonje baadhi yao walikuwa kwenye fowili vilevile.

Boss wa Njombe:

Nimezima ile kitu. Imegoma kuzimika kwanza, nimerudi nyuma hapa uani kama alivyosema fundi, ikalia "kto", taa imezima. Dogo namsubiri atoke shule.

Mtoto wa Uyole:

Asanteni sana wakuu, ndaga fijo. Mimi transfa ya mtumba imepatikana, kesho inafungwa. Nimemwambia fundi kabla hajagusa kitu chochote aanze na balbu ya dashibodi. Elfu mbili.